Nani atakuja, na atabeba nini? Kisa cha mfanyabiashara mwenye ulemavu, Goma, Mei 2021

Kisa hiki kimeandaliwa kwa ajili ya familia, majirani na makundi ya mtaani yanayoishi karibu na mtu mwenye ulemavu. Majina yameondolewa, mtaa hautajwi, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mhusika au watu wake yamebadilishwa. Tutamwita M. Alikubali kisa chake kisomwe na wengine kwa sharti moja: popote panaposemwa kwamba alisaidiwa, itajwe nani alifanya nini. "Ukiandika tu kwamba nilisaidiwa," alisema, "itaonekana kama mvua ilininyeshea." Sharti hilo ndilo lililoongoza maelezo yote yanayofuata.

## Usuli

Mwaka 2021 M. alikuwa na miaka arobaini na kitu. Polio ilimpata kabla hajafikisha miaka mitatu, miguu yote miwili ikalegea. Inafaa msomaji aelewe ugonjwa huu hufanya nini, maana msaada mwingi huharibika kwa kutojua. Virusi vya polio huua neva zinazoamrisha misuli, lakini haviondoi hisia. Miguu ya M. haimbebi, ila inasikia baridi, inasikia mwiba, inauma ikikunjwa vibaya. Kazi yote ya miguu imehamia mikononi: kujisogeza sakafuni, kupanda kitandani, kuendesha baiskeli. Mabega yake yamefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa yanauma. Anayemnyanyua kwa kumvuta mikono, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema, anamuumiza mahali pale pale anapopategemea kuliko pengine pote.

Kwa kazi, M. ni mfanyabiashara wa Petite Barrière, mpaka wa Goma, upande wa Kongo, na Gisenyi, upande wa Rwanda, wanaopita watu wa kawaida na mizigo yao midogo. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamejijengea nafasi pale. Baiskeli zao za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, hubeba mzigo mkubwa, na kwenye ushuru wamezoea kuonewa huruma kidogo. M. alikuwa akivusha nyanya, vitunguu, karoti na viazi. Aliyemwona akipita na mzigo mrefu kuliko yeye, vijana wawili wakisukuma nyuma, angeweza kudhani vijana wale wanamhurumia mama wa watu. Hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Nguvu za miguu zilikuwa zao. Mtaji, wateja na jina la kuaminika mpakani vilikuwa vyake. Walimwita patroni, na hawakuwa wakitania. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wote watatu walilala njaa pamoja, na hata ulipofunguliwa kazi haikurudi kama zamani.

Aliishi katika chumba cha mbao cha kupanga, juu ya mawe ya volkano, pamoja na binti yake wa miaka kumi na sita. Binti ndiye aliyechota maji, kumwaga beseni la usiku na kufua. Kichochoro cha kufika chumbani ni chembamba na kina mawe, hivyo baiskeli ililala uani kwa jirani mwenye butike (duka dogo), nyuma ya lango lenye kufuli. Upande wa pili wa mji, kuelekea njia ya Sake, alikaa kaka yake mkubwa, mwenye mke, watoto na gari dogo la mizigo. Na kulikuwa na likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ya akina mama wa avenyu (njia moja ya mtaa), ambayo M. alikuwa mtunza pesa wake. Walimchagua, kwa maneno ya mmoja wao, kwa sababu "yeye hakimbii". Walicheka, naye akacheka.

Jambo moja la nyuma linahitajika ili kisa kieleweke. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo iliyo karibu na mji ilipolipuka na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, kaka huyo alimbeba M. mgongoni mpaka Gisenyi. Wakati huo alikuwa kijana asiye na mke, na walilala nyumba moja. Tangu siku hiyo nyumba yao ilikuwa na sentensi moja iliyorudiwa kila mlima ulipofuka moshi: "Ikija tena, yaya atakuja," yaani kaka mkubwa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwuliza yaya mwenyewe.

## Jumamosi, 22 Mei 2021

Jioni Nyiragongo ililipuka tena, anga upande wa kaskazini ikawa nyekundu. Umeme ukakatika katika sehemu kubwa ya mji. Watu wakatoka na magodoro, masanduku, watoto mgongoni, wengine wakielekea mpakani, wengine njia ya Sake. Njia ya Rutshuru ilikatwa na moto wenyewe.

M. alimpigia kaka yake tena na tena. Mtandao ulikuwa umelemewa. Alipompata, saa tatu usiku, kaka alikuwa tayari kwenye foleni ya magari ya kwenda Sake, pamoja na mkewe, watoto na mama mkwe wake. Hakusema uongo wala hakujificha. Alisema: "Nisamehe, dada yangu, hapa hata kugeuza gari haiwezekani."

Mama wa butike alikuwa amekimbia na watoto wake wanne. Ufunguo wa lango aliufunga kwenye pindo la kikwembe, kama alivyofanya kila siku, akavuka nao mpaka. Baiskeli ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwa M., ukuta mmoja katikati.

Motari mmoja kijana, dereva wa pikipiki ya abiria, alisimama akamwambia M. apande, amfikishe mpakani bila malipo. M. alikataa. Waliosikia habari hii baadaye walimlaumu sana, kwa hiyo inafaa kueleza sababu yake. Alihesabu hivi: akiondoka bila baiskeli, popote atakaposhushwa atakuwa amekaa chini, usiku, katikati ya watu wanaokimbia bila kutazama chini. Motari angerudi kuchukua wake, na mtu wa kumwinua mara ya pili hakuwepo. Akamwomba kijana ampeleke binti. Binti akakataa naye, akaketi kizingitini. Wakabaki hapo mpaka alfajiri.

Usiku huo moto ulisimama upande wa Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu zaidi ya thelathini walikufa katika siku hizo, na maelfu walipoteza nyumba. Avenyu ya M. haikuguswa.

## Siku kati ya matetemeko

Kuanzia Jumapili ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Kuta zilipasuka, watu walilala nje, maji ya bomba yakakatika katika mitaa mingi. Wengi waliokuwa wamekimbia walirudi, akiwemo mama wa butike, aliyekuja moja kwa moja kwa M. akilia, ufunguo mkononi. M. alimwambia aache kulia, waongee.

Baiskeli ndiyo ilikuwa ya kwanza. M. aliamua ilale kwake. Haikuingia chumbani mpaka alipouza kabati na kitanda cha binti, na hapo ilibidi wote wawili walale kwenye godoro moja, magurudumu yakiwa kichwani pao. Binti alinung'unika. Ni gharama halisi, na aliyeilipa zaidi ni binti.

Kisha Jumatatu mchana aliwaita watu wake mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa chini ya bati: wasukumaji wawili, mama wa butike, na akina mama wawili wa likelemba. Kabla ya kikao alizungumza na kila mmoja peke yake, akimwuliza swali moja: "Ikija tena, wewe utakuwa na nani mkononi?" Hakuuliza kama watamsaidia. Swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Aliuliza ni nani mwingine anayewategemea, na majibu yakampa ramani ambayo sentensi ya "yaya atakuja" haikuwahi kumpa. Msukumaji wa kwanza alikuwa na mama mzee huko Majengo. Saa ya hatari angeenda kwake, na alilisema hilo waziwazi. Wa pili alilala kwa rafiki, hakuwa na mtoto wala mzazi mjini. Mama wa butike asingeweza kumbeba mtu mzima akiwa na watoto wanne, lakini mtoto wa tano angeweza kuongozana nao.

Kwa hiyo kazi ziligawanywa. Msukumaji wa pili angekuja kusukuma. Wa kwanza angepiga simu kusema yuko wapi, basi, asingoje kulaumiwa. Mama wa butike angemchukua binti. Wale wawili wa likelemba wangegonga milango ya wazee wawili wa avenyu ambao hawasikii vizuri, jambo ambalo M. mwenyewe ndiye aliyelileta. Mahali pa kwenda pakawa Gisenyi na si Sake. Sake iko zaidi ya kilomita ishirini, na mabega yake yasingefika. Mpaka uko karibu, anaijua kila bampa ya njia ile, na ng'ambo kuna mama anayempa mzigo wa mboga kwa mkopo. Kama jambo lingechelewa, M. angengoja mpaka jua lichomoze, kisha angeondoka na yeyote aliyepo.

Wasukumaji wote wawili walilipwa papo hapo ujira wa safari moja, pamoja na yuniti za simu. Hapo binti aliingilia: "Mama, mtu analipwa ili aokoe mtu?" M. akajibu: "Akilipwa, nina haki ya kumwuliza yuko wapi." Nadhani hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika kisa hiki, na nitairudia kwenye uchambuzi.

Baadaye walifanya mazoezi, wakicheka kwa aibu mbele ya watoto wa avenyu. Namna inayomfaa M. ni hii. Mbebaji anachuchumaa na kumpa mgongo, M. anajivuta mwenyewe na kumshika mabegani. Mtu wa pili anainua miguu yote miwili kwa pamoja, bila kuiacha ining'inie au kukunjana. Hakuna kuvuta mikono, hakuna kushika chini ya kwapa. Na kama baiskeli ipo, hahitaji kubebwa kabisa: "Shika gurudumu lisisogee, mengine niachie mimi." Msukumaji aliyemfanyia kazi kwa miaka hakuwahi kujua hivyo. Kila asubuhi alimkuta M. amekwisha kukaa.

Likabaki suala la pesa za likelemba. Mama mmoja alimnong'oneza: "Usirudishe. Wakijua pesa yao iko kwako, watakuja kukuchukua." Ushauri huo haukuwa wa kijinga. M. aliufikiria usiku mzima, na Jumanne akamrudishia kila mmoja fungu lake, akiwaambia wataanza upya mlima ukitulia. Sababu aliyonipa: "Anayekuja kwa ajili ya pesa atachukua pesa." Ila aliongeza kwamba mkono ulimtetemeka alipokuwa akihesabu noti.

## Alhamisi, 27 Mei

Kabla ya jua kuchomoza, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba sehemu ya mji ihamwe. Mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ilitajwa, na wa M. ulikuwamo. Ilisemwa kwamba magma (mawe yaliyoyeyuka) imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba mlipuko mwingine unaweza kuja bila ishara.

Msukumaji wa kwanza alipiga simu kama alivyoahidi: yuko na mama yake, wanatafuta gari la Sake. Mazungumzo hayakufika dakika moja, na M. anasema yalimpa nguvu kuliko ahadi nyingi alizowahi kupewa. Wa pili hakupatikana. Mama wa butike alipakia watoto wake kwenye gari la shemeji yake lililokuja ghafla, akaondoka. Hakuna aliyekwenda kugonga kwa M., na mama wa butike hakumkumbuka binti mpaka alipofika mpakani. Kati ya wale wa likelemba, mmoja aligonga kwa wazee kama walivyokubaliana. Mwingine aliondoka na watu wa nyumbani kwake.

Jua lilipochomoza M. aliondoka. Binti alisukuma, mama akazungusha kwa mikono. Mwishoni mwa kichochoro gurudumu la mbele lilikwama kati ya mawe. Watu walipita. M. hakupiga kelele za jumla. Alimwita mtu mmoja, kijana mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) iliyojaa magunia, kwa kumwonyesha kidole: "Wewe wa kofia nyekundu, inua hapa mbele, hesabu mpaka tatu." Kijana akainua. Mtu wa pili, asiyejulikana mpaka leo, aliinua upande mwingine bila kuambiwa. Walitumia muda mfupi kuliko ninaoutumia kueleza.

Msukumaji wa pili aliwakuta njiani, amechelewa zaidi ya saa moja, jasho likimtoka. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa M. kwanza na kukuta mlango umefungwa. Akachukua nafasi ya binti. Mpakani msongamano ulikuwa wa kutisha, lakini afisa mmoja aliyemzoea M. alifungua njia upande wanaopitisha mizigo. Kabla ya saa sita mchana walikuwa Gisenyi.

## Kwa mama wa mboga

Mwenyeji aliwapokea kwa moyo wote, na hapo ndipo sehemu ngumu ya kutegemea watu ilipoanza. Kukimbia huisha. Choo hurudi kila siku.

Choo cha pale kilikuwa juu ya ngazi tatu za saruji. Siku ya kwanza M. alikataa kunywa maji ili asiende. Mwenyeji alipogundua, alikasirika kwa upendo na kumnyanyua mwenyewe, kwa kumvuta mikono. Bega la kulia liliuma wiki nzima. Halafu kulikuwa na jambo dogo linaloweza kuonekana si kitu: chakula kilipoepuliwa, mwenyeji alimwuliza msukumaji, "Yeye anakula sambaza?" M. alikuwa ameketi katikati yao.

Usiku huo M. aliomba waongee wawili. Alimwambia mwenyeji mambo matatu na si zaidi: amletee beseni lenye mfuniko badala ya kumpandisha ngazi, asimshike mikono bila kuambiwa, na amwulize yeye mwenyewe anachotaka. Kisha akamwomba kazi. Kuanzia kesho yake alikaa kwenye meza ya mboga ya mwenyeji, akiuza na kuandika madeni, kwa sababu mwenyeji anajua bei lakini daftari linamshinda. Msukumaji alipata vibarua sokoni. Binti alilala, kwa maneno yake mwenyewe, "kama jiwe", kwa siku mbili.

Walirudi Goma baada ya serikali kutangaza, tarehe 7 Juni, kwamba watu waanze kurejea.

## Matokeo

Wote walirudi wazima. Chumba kilikuwa na ufa lakini kimesimama. Bidoni (madumu ya maji) mbili na sufuria ziliibwa. Likelemba ilianza tena Julai, na M. alichaguliwa tena kutunza pesa. Mama mmoja hakurudi kwenye kikundi, kwa aibu ya kuondoka bila kugonga, ingawa hakuna aliyemlaumu hadharani. Kaka alikuja na mfuko wa unga na maneno mengi. M. aliyasikiliza yote. Binti alikosa masomo ya wiki kadhaa zaidi ya wenzake, kwa kuwa waliporudi maji yalikuwa ya shida na foleni ya bidoni ilianza alfajiri.

## Uchambuzi

Nianze na kaka, kwa sababu wengi wetu tutamhukumu yeye kwanza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kaka alikuwa mbali kwa kila maana: mtaa mwingine, nyumba nyingine, watu wengine shingoni. Kosa la familia halikuwa kwamba alikuwa mwoga. Hakuwa. Kosa ni kwamba mpango wao wa mwaka 2021 ulikuwa kumbukumbu ya mwaka 2002. Kijana aliyembeba dada yake alikuwa amekwisha kuwa baba wa watu, na sentensi ikaendelea kutembea bila mwenyewe. Familia nyingi zenye mtu mwenye ulemavu zina sentensi ya namna hii. Anayetembelea nyumba hizo aulize: nani atakuja, anakaa wapi leo, na saa hiyo atakuwa na nani mwingine?

Swali la M. la Jumatatu lilifanya kazi kwa sababu liliwapa watu ruhusa ya kusema hapana mapema. Msukumaji wa kwanza hakumsukuma mtu, lakini ni miongoni mwa waliotimiza neno lao. Mtu anayesema "sitakuja" siku tatu kabla amekusaidia kuliko anayesema "niite tu" kila Krismasi.

Juu ya malipo, najua wasomaji wengine watasikia ukakasi, kama binti alivyosikia. Sisi hapa tunapenda kuamini kwamba msaada wa kweli hauna bei. Lakini tazama upande wa anayepokea. Anayesaidiwa bure kila siku hawezi kulalamika kwamba msaada umechelewa, hawezi kusema unaniumiza bega, hawezi kuchagua saa. Anakuwa na deni lisilo na mwisho, na mwenye deni hunyamaza. Ujira mdogo uliolipwa mapema ulimrudishia M. sauti. Haukuondoa upendo: msukumaji wa pili alikimbia asubuhi nzima kwa ujira wa safari moja ya nyanya, na hesabu hiyo haiingii kwenye biashara yoyote.

Hata hivyo pesa ina mpaka wake, na uamuzi wa likelemba unauonyesha. Kuzishika pesa za wenzake kungemfanya M. awe mtu wa kutafutwa. Alizirudisha, na matokeo hayakumpa jibu safi: mmoja kati ya wawili alitimiza, na alichotimiza ni kugonga kwa wazee, si kwa M. Mimi naona alifanya sawa. Wapo wenzangu wanaoona alitupa silaha yake ya pekee. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kuchaguliwa kwake tena Julai kulitokana na Jumanne ile.

Namna ya kuomba ndiyo ujuzi ambao wengi wetu hatuna. M. hakusema "nisaidieni", alimteua mtu kwa kofia yake, akataja kitendo na mwisho wake. Umati wa watu wema unaweza kumpita mtu aliyekwama, kila mmoja akidhani mwingine atasimama. Kadhalika usiku ule Gisenyi: mambo matatu, si malalamiko kumi. Ujuzi huu hauzaliwi nao mtu. Mwenye ulemavu huupata kwa kuomba kila siku tangu utotoni, na kwa kukataliwa. Wale waliokimbia kwa miguu yao siku zile nao waliishi kwa kutegemea: dereva wa shemeji, mnara wa simu, afisa wa mpaka. Tofauti ni kwamba hawakuwa wamelifikiria, ndiyo maana wengi walifika Sake bila maji ya kunywa.

Lililoshindwa kabisa ni suala la binti, na hapa sitalainisha. Kila pengo katika mpango lilizibwa na msichana wa miaka kumi na sita. Kitanda kilichouzwa ni chake. Nafasi ya msukumaji aliyechelewa aliishika yeye. Mama wa butike aliposahau, aliyesahauliwa ni yeye. Masomo yaliyopotea ni yake. Na M., aliyemwuliza kila mtu "utakuwa na nani mkononi?", hakumwuliza binti yake. Alimhesabu kama sehemu ya mwili wake. Nilipomweleza M. hivi alinyamaza, kisha akasema ni kweli na kwamba niache kama nilivyoandika. Kwa wanaofanya kazi hii: mtoto wa nyumbani ndiye mtunzaji asiyeonekana, na mpango usiomtaja kwa jina unamtumia.

Mwisho kuna upande wa mamlaka, ambao nitaupita haraka. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi ziwalinde watu hao wakati wa vita na maafa, na tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria yake yenyewe. Ngazi inayoweza kuitekeleza saa ya hatari ni mkubwa wa avenyu na shefu wa nyumba kumi. Mei 2021 tangazo lilikuja kwa sauti na kwa simu. Hakukuwa na orodha ya nani kwenye avenyu ile hasikii, haoni au hatembei. Orodha hiyo aliibeba M. kichwani.

## Januari 2025

Mpango wa M. ulikuwa wa kukimbia. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, kukimbia hakukuwezekana. Watu walijifungia ndani, maji na umeme vikakatika. Baiskeli ilisimama tu, magurudumu kichwani mwao. Shida ikawa bidoni: nani atashuka ziwani, na risasi zinalia?

Msukumaji wa pili, ambaye sasa ana mke, aliwaletea maji kila alipokwenda kuchota ya kwake, kwa bei waliyokubaliana, ilipokuwa salama. Binti hakutoka, M. alikuwa amemkataza mapema, na safari hii alikuwa amemwuliza kwanza. Kaka naye ana kazi moja yenye mipaka: anatunza nakala za vitambulisho na kadi za matibabu za wote wawili, na kila mwanzo wa mwezi anatuma yuniti kwa msukumaji. Tangu apewe kazi hiyo hajaikosa. Kinachomsumbua M. sasa ni kwamba binti anataka kwenda kusoma Bukavu, na beseni la usiku bado halijapata mtu wa kulipwa. Amekwisha kuwauliza wasichana wawili wa avenyu wana nani mkononi. Mmoja ameomba muda wa kufikiri.